Mama mkwe anamlisha mbwa wetu chokoleti, nami sijui nianzie wapi

Mshauri, salamu.

Naomba usitaje jina langu maana wifi zangu wanasoma safu hii. Huu ni mwaka wa 11 wa ndoa yangu. Tunaishi Arusha na watoto wawili, mama mkwe wangu, paka mmoja na mbwa wa kienyeji aitwaye Popi. Mama alihamia kwetu mwaka juzi kutoka Rombo baada ya baba kufariki. Namshukuru Mungu tunaelewana. Hajawahi kuninenea neno baya, na ndizi za mtori hakuna anayeruhusiwa kuzimenya ila yeye.

Mama ana kiti chake kibarazani. Kila jioni baada ya chakula hukaa pale, Popi akalala miguuni pake. Wifi yangu anayefanya kazi Muscat humtumia maboksi ya chokoleti kila anapopata mtu wa kuja huku. Mama hula kipande kimoja, kisha huvunja viwili akampa Popi mkononi. Ni chokoleti ya maziwa, ile ya kawaida. Niliwahi kusikia kwamba chokoleti ni sumu kwa mbwa, nikamgusia mume wangu. Akacheka: "Mbona anakula kila siku na hajafa?" Nikanyamaza.

Wiki 3 zilizopita ndani ya boksi kulikuwa na chokoleti nyeusi, imeandikwa 70%. Mama aliionja akasema chungu kama dawa, akaiacha kwenye kigoda, akasinzia. Tulipomwamsha aingie ndani, kama saa 2 usiku, nusu ya ile chokoleti ya gramu 100 haikuwepo na karatasi yake ilikuwa imetafunwa. Hatukujali. Saa 6 usiku Popi akatapika matapishi ya kahawia yenye harufu tamu. Akawa anazunguka uani hatulii, anahema ulimi nje na baridi yote ile, anakunywa maji, anakojoa, anarudi tena kwenye maji. Nilipomwekea mkono ubavuni, moyo ulikuwa unakwenda kama cherehani.

Mume wangu akamnywesha maziwa. Jirani yetu, aliyeamshwa na purukushani, akaja na chumvi akashauri tuikoroge kwenye maji tumnyweshe atapike yote. Popi alikataa kumeza, tukaacha. Daktari wa mifugo alipatikana alfajiri, akamtundikia dripu na kumchoma sindano, na siku ya tatu mbwa akawa mzima. Siku hiyo alimpima, ana kilo 14.

Sasa shida yangu. Asubuhi ile mama alikuwa anatetemeka, anauliza mbwa kala nini. Kabla sijafungua mdomo mume wangu akasema, "Kala panya aliyekufa kwa sumu." Alitaka kumtuliza. Lakini mama akaanza kujiuliza panya huyo katoka wapi, akakumbuka kuwa jirani alitega sumu ya panya stoo kwake. Tangu siku hiyo hamsalimii. Ni jirani yule yule aliyetoka kitandani usiku kuja kutusaidia! Na Popi aliporudi miguuni pake, mama akaendelea na vipande vyake viwili, tena kwa huruma anaongeza cha tatu.

Juzi limefika boksi jingine. Kwa kuwa mama ana kisukari, safari hii wifi ametuma chokoleti zisizo na sukari. Nilishusha pumzi, nikaona angalau hizi hazitamdhuru mbwa. Mume wangu anasema nimwache mama, ana furaha gani nyingine hapa mjini. Nikisema ukweli nitakuwa mkwe aliyemwambia mama kwamba alitaka kuua. Nikinyamaza, naogopa usiku mwingine kama ule. Nifanyeje?

Mkwe, Arusha

MAJIBU

Dada yangu, kabla hujaendelea kusoma, nenda kachukue hilo boksi jipya usome maandishi madogo ya viambato. Ukikuta neno xylitol, au alama E967, boksi hilo lisifike kibarazani kabisa. Zailitoli ni kitu kitamu kinachotiwa badala ya sukari, na kwa binadamu haina neno. Mwili wa mbwa ndio unaodanganyika. Kongosho lake hudhani sukari nyingi imeingia, linamwaga insulini, na sukari ya damu inaporomoka, mara nyingi ndani ya dakika 30 hadi 60. Mbwa hulegea, huyumba kama mlevi, huanguka, na anaweza kupata degedege. Gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wake inatosha kuleta hayo. Kwa Popi ni gramu 1.4, haijazi hata nusu ya kijiko cha chai. Ikizidi sana huharibu na ini.

Si kila chokoleti isiyo na sukari ina zailitoli. Nyingi hutiwa maltitoli, ambayo kwa kawaida humharisha tu. Ndiyo maana nasema soma, usikisie. Na hata ukikuta haimo, pumzi uliyoshusha uliishusha mapema. Kilichomwangusha Popi usiku ule ni kokoa, na kokoa bado imo.

Sasa tukae tuongee. Barua yako naisoma kama mafundo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja: mbwa anayelishwa kitu kisichomfaa, mama ambaye hutaki kumuumiza, na jirani aliyebebeshwa kosa lisilo lake. Umeniuliza zaidi kuhusu fundo la pili. Mimi naona la kwanza ukilielewa vizuri, la pili litapungua uzito, kwa hiyo niruhusu nianze na hesabu.

Swali la mume wako, mbona hajafa, ni swali la haki na lina jibu. Kokoa ina kemikali inayoitwa theobromini, pamoja na kiasi kidogo cha ndugu yake kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa. Mwili wa mtu huivunja na kuitoa haraka kiasi. Wa mbwa hujikokota: ikishaingia kwenye damu, huchukua karibu saa 17 na nusu kupungua kufikia nusu tu. Dalili za mwanzo, yaani kutapika, kuharisha na kiu, hutarajiwa kuanzia miligramu 20 hivi kwa kila kilo ya mbwa. Kwenye 40 hadi 50 moyo unaanza kwenda ovyo. Kuanzia 60 unaongelea degedege, na kutoka hapo kifo hakiko mbali. Mipaka hii si ukuta. Mbwa mzee au mwenye ugonjwa wa moyo huumia mapema zaidi.

Chokoleti ya maziwa ina kama miligramu 2.3 za kemikali hizo mbili katika kila gramu. Vipande viwili vya mama, tuseme vina gramu 10, vinampa Popi miligramu 23. Gawa kwa kilo 14, unapata 1.6 kwa kilo. Ni mbali sana na 20. Hata ukihesabu mabaki ya jana yasiyoisha mwilini, na kile kipande cha huruma, bado hafiki. Kwa hiyo mama alichokiona kwa macho yake ni kweli: alimpa, na hakufa. Ukimwendea ukisema "mama, hicho ni sumu" na kunyamaza hapo, utakuwa unabishana na ushahidi wa macho yake, na atakushinda.

Kilichobadilika usiku ule ni aina ya chokoleti. Nyeusi ya asilimia 70 ina karibu miligramu 8.8 kwa gramu, takriban mara nne ya ile ya maziwa. Nusu ya gramu 100 ni miligramu 440, gawa kwa 14, unapata 31. Ndiyo maana ulimwona anatapika, ana kiu, hatulii. Angemaliza chokoleti yote ingekuwa karibu 63. Sikwambii kukutisha. Nakwambia kwa sababu mama aliiacha kwenye kigoda kwa kuwa ilikuwa chungu, na uchungu huo ndio kipimo chake: kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi na chungu, ndivyo kokoa ilivyo nyingi ndani yake. Hilo mtu mzima yeyote hulielewa bila kufundishwa miligramu.

Nyumba yako ina hatari nyingine ambayo hukuitaja. Kama mnapika keki, ule unga wa kokoa wa kopo ndio mkali kuliko wote, kama miligramu 23 kwa gramu. Gramu 12, vijiko viwili vya mezani visivyojaa sana, zinamfikisha Popi kwenye 20. Chokoleti nyeupe kwa upande wa theobromini ni kama haina kitu, ila mafuta yake yanaweza kumletea mbwa ugonjwa wa kongosho siku moja hadi tatu baadaye: anakunja mgongo, hataki kushikwa tumbo, anatapika tena wakati mnadhani amepona. Na wasomaji wetu wa Kyela, ambako kokoa huanikwa nje baada ya kuvundikwa, wasidhani haya ni ya watu wa maboksi ya Muscat. Punje kavu na maganda yake vina kemikali ile ile, na punje zina nyingi kuliko chokoleti ya maziwa kwa mbali.

Paka wako je? Paka haonji utamu kabisa, ulimi wake hauna uwezo huo, ndiyo maana hamsumbui mama. Lakini mwili wake haustahimili kokoa. Paka wa kilo 3 atafika kwenye dalili kwa gramu 7 tu za ile nyeusi, na mafuta ya maziwa yaliyomo kwenye aiskrimu au krimu ya keki yanaweza kumvuta alambe.

Kuhusu usiku ule, hamkukosea kwa nia. Ila maziwa hayazuii theobromini kuingia kwenye damu, yaliongeza mzigo tu kwenye tumbo lililokwisha kuchafuka. Chumvi mshukuru Popi aliyeikataa. Ingeweza kupandisha sodiamu kwenye damu mpaka ubongo ukadhurika, na mbwa wamekufa kwa chumvi waliyopewa wakitibiwa kitu kidogo kuliko hiyo. Mafuta ya kula yanaweza kuteleza yakaingia mapafuni. Kuna wanaosaga mkaa wa jiko wakisikia kwamba daktari hutumia mkaa, lakini ule wa daktari umetayarishwa kitaalamu ili unase sumu, na wa jikoni hauna nguvu hiyo. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 madaktari wengine huielekeza kwa mbwa aliye macho kabisa, wakitaja kiasi wao wenyewe kwa simu. Usijipimie. Ile ya saluni ya kubadili rangi ya nywele ni kali zaidi na huunguza koo na tumbo, na paka hapewi peroksaidi ya aina yoyote.

Ikitokea tena, saa mbili za kwanza ndizo zenye faida kubwa, kwa sababu bado anaweza kutapishwa. Nyinyi mlikuwa nazo tangu saa 2 usiku mlipoona karatasi, mkasubiri mpaka alipougua saa 6. Okota karatasi yote hata iliyochanika, soma gramu na asilimia, kadiria kilichobaki, angalia saa, piga simu. Daktari atauliza hayo hayo, pamoja na uzito. Hata saa zikiwa zimepita usikate simu ukidhani umechelewa, maana chokoleti huyeyuka ikaganda donge tumboni na hukaa humo muda mrefu. Mkisubiri, mweke mahali penye giza na utulivu, mpe maji, na mtoe akojoe mara kwa mara, usiku kucha ikibidi. Theobromini inayofika kwenye kibofu hunyonywa tena kurudi mwilini, kwa hiyo kila anapokojoa anatoa sumu. Weka kiganja ubavu wa kushoto nyuma ya kiwiko, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Mbwa wa ukubwa wake akiwa ametulia huwa kati ya 70 na 120 hivi. Yakipita 160 hali amelala, au akianza kutetemeka, mtu atafute gari. Dawa ya kuifuta theobromini haipo. Daktari hutuliza moyo na mitetemeko, huongeza maji, na kungoja mwili umalize kazi, na hiyo inaweza kufika saa 72.

Na kama alichokula kina zailitoli, mkaa wa daktari hausaidii sana. Huyo ni wa kukimbizwa. Akiwa amelegea, mpake asali au sukari iliyoloweshwa kwenye ufizi mkiwa njiani, bila kummiminia kooni.

Turudi kwa mama. Umeandika kwamba ukisema ukweli utakuwa mkwe aliyemwambia alitaka kuua. Nauliza: neno hilo amelisema nani? Katika barua yako yote mama hajakunenea neno baya, umeniambia mwenyewe. Inawezekana unamwogopa mama ambaye hayupo. Na mume wako anaposema hiyo ndiyo furaha yake, nadhani anakaribia ukweli ila ameshika upande usio wenyewe. Mama amefiwa, amehama kwake, binti yake yuko ng'ambo. Mtu anayengojea mkono wake kila jioni ni Popi. Furaha iko kwenye kuvunja kipande na kumpa. Kipande chenyewe kinaweza kuwa kitu kingine, na Popi hatanung'unika. Karoti iliyokatwa vipande, kiazi kitamu kilichochemshwa, au ini la kuchemsha bila chumvi wala kitunguu, ukubwa wa kidole gumba. Weka kwenye kibakuli chake pale pale kigodani. Zabibu kavu usiweke, nazo huharibu figo za mbwa, wala karanga za makadamia zinazouzwa siku hizi.

Kuna njia ya kimya: kuficha maboksi. Ni ya haraka, na kwa wiki hii huenda huna budi. Lakini maboksi yale ni salamu za binti yake. Akigundua yamefungiwa kabatini bila neno, atajiona mgeni au mtoto, na hapo ndipo ile lawama unayoiogopa inaweza kuzaliwa kweli.

Kuna kumtumia daktari. Kama ana ziara ya kumwangalia Popi, mwombe akae kibarazani na mama, amweleze kuhusu nyeusi na nyepesi, amwonyeshe mapigo ya moyo yalivyo sasa. Wazee wengi huheshimu aliyeponya. Hatari yake ni kwamba daktari hajui habari ya panya. Mama atauliza tu, "Kumbe haikuwa sumu ya panya?" na uongo utafumuka mbele ya mgeni. Kwa hiyo njia hii haiwezi kutangulia.

Ambayo naiona inakwepwa na kila mtu ni mume wako. Uongo ule ni wake, alioutoa kwa mapenzi, na mwana akimrudia mama yake kusema "nilikuficha, nikaogopa utaumia" huwa si sawa na mkwe kumweleza. Anaweza kukataa, na usimlazimishe mbele ya watu. Mwonyeshe ile hesabu ya 31 na 63, kwa sababu nahisi bado anaamini Popi aliugua kwa bahati mbaya tu. Mwambie pia habari ya jirani. Sijui kama ameona kwamba kimya chake kina mtu wa tatu anayekilipia kila asubuhi kwa kunyimwa salamu.

Akikuachia wewe, usimwite mama kikao. Kaa naye mnamenya ndizi, mikono ina kazi na macho hayatazamani. Unaweza kuanza na alichosema mwenyewe: "Mama, ile chokoleti uliyosema chungu kama dawa ndiyo iliyomsumbua Popi. Zile za maziwa ulizokuwa unampa hazikumfanya kitu, lakini mbwa akizizoea hachagui, akikuta nyeusi ataila." Hapo hujamwambia alikosea, na hujamwongopea. Huenda akanyamaza siku mbili. Huenda akalia. Nawe utalazimika kukubali kwamba ulijua tangu alfajiri ile, na hilo litauma upande wako.

Kwa jirani sioni haja ya kueleza mengi, ila kuna kitu kidogo mnachomdai: asante ya usiku ule. Anaweza kuipata kutoka kwako hata leo, na ukimpa, mwambie na habari ya chumvi kwa upole, maana kesho atamshauri mwingine.

Wifi naye atafurahi kuambiwa. Hajui anachokisafirisha. Mwombe, akituma tena, apige kwanza picha ya upande wa nyuma wa boksi. Na kilichoandikwa kwenye hili lililofika juzi, tuandikie.